UZI: Nchi tajiri zitusaidie vipi? Hoja tano za kwenye mdahalo, na swali la kumuuliza kila anayezitoa

1/ Msimu wa siasa ukikaribia, hii mada haikosi kwenye mdahalo. Mmoja anasimama: "Tuache kuombaomba!" Makofi. Mwingine anajibu: "Wao ndio walitufanya maskini, walipe!" Makofi tena. Tunazima runinga, na hakuna aliyetoka na kitu. Leo acha nizipange hoja moja moja. Uzi ni mrefu kidogo, weka chai karibu.

2/ Sheria ya hapa mnaijua: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukileta jina kwenye maoni nitalipita kama matatu iliyojaa. Tunapima hoja, hatupimi watu.

3/ Naandika nikiwa Witeithie, kati ya Juja na Thika. Kwa wasiojua Kikuyu, Witeithie maana yake ni "jisaidie". Kwa hivyo hoja ya kujitegemea hamtanifundisha, naandika anwani yake kila siku. Lakini hata anayejisaidia huwa anakodi jembe. Bei ya kulikodi ndiyo huamua kama mavuno ni yake au ni ya mwenye jembe.

4/ Shida ya kwanza ni neno lenyewe. "Msaada" kwenye midahalo yetu hubeba vitu vinne tofauti:
• ruzuku, yaani pesa isiyorudishwa
• mkopo, wa bei nafuu au wa bei ya soko
• soko, yaani nafasi ya kuuza bidhaa zetu kwao
• kanuni za dunia: nani anatoza kodi wapi, nani anapunguziwa deni
Wagombea wawili wanaweza kugombana saa nzima, huyu akiongea kuhusu cha kwanza na yule kuhusu cha tatu.

HOJA YA 1: "WATUPE ZAIDI"

5/ Hii ina historia. Mwaka 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha lengo kwamba nchi tajiri zitoe 0.7% ya pato lao. Yaani kwa kila shilingi 100 wanayopata, senti 70. Zaidi ya miaka 50 baadaye, waliolishika hilo lengo kwa muda mrefu wanahesabika kwa vidole: Norwe, Uswidi, Denmaki, Luxembourg. Uingereza ilifika 0.7, ikashuka hadi 0.5 mwaka 2021, na 2025 ikatangaza itashuka hadi 0.3 kufikia 2027.

6/ Je, ruzuku imewahi kusaidia? Ndiyo, na anayesema haijawahi anahitaji kukumbushwa. Mwaka 2003 Marekani ilianzisha mpango wa PEPFAR wa kupambana na Ukimwi. Wenye umri wangu wanakumbuka mazishi ya kila Jumamosi kabla dawa za ARV hazijafika kwa mtu wa kawaida. Watu waliokuwa wameandaliwa kaburi waliamka, wakarudi kazini, wakalea watoto wao. Hiyo ni pesa ya mlipa kodi wa nchi nyingine, na ilifanya kazi.

7/ Sasa upande wa pili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 1 Julai 2025 USAID, iliyoanzishwa 1961, ikafungwa rasmi. Hapa Kenya wahudumu wa afya, washauri na makarani waliolipwa na miradi hiyo walirudishwa nyumbani. Mgonjwa anayemeza dawa kila siku hakupiga kura kule. Lakini kura ya kule ndiyo iliyoamua nani atamfungulia faili lake hapa.

8/ Kabla hatujawalaumu wao peke yao: mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga 15% ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika hapo. Kwa hivyo kuna wawili waliovunja ahadi, aliyeondoka ghafla na aliyejua mgeni ataondoka siku moja lakini hakununua sufuria yake mwenyewe.

9/ Kuna ruzuku ya aina nyingine ambayo midahalo huisahau: mpe mtu pesa mkononi. Kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja. Wachumi waliofuatilia walikuta kila dola moja iliyoingia ilizalisha shughuli za uchumi za karibu dola 2.5 eneo lile, na bei za bidhaa hazikupanda sana. Fundi alipata kazi ya mabati, mwenye duka aliuza, hata ambao hawakupewa walifaidika.

Swali la kumuuliza: "Huu msaada unaisha lini, na siku hiyo nani analipa?"

HOJA YA 2: "MIKOPO NDIYO INATUMALIZA"

10/ Hapa nitawapeleka barabarani, kwa sababu mfano uko mlangoni kwangu. Thika Superhighway, kilomita 50 hivi, ilizinduliwa Novemba 2012. Pesa zilitoka sehemu tatu: serikali yetu, benki ya Exim ya China, na Benki ya Maendeleo ya Afrika kupitia mfuko wake wa mikopo nafuu. Kampuni tatu za Kichina zikaijenga.

11/ Masharti ya mikopo ya mfuko ule wakati huo: miaka 50 ya kulipa, 10 ya kwanza hugusi mtaji, na ada ya 0.75% kwa mwaka. Sasa ruka hadi Februari 2024. Kenya inakopa dola bilioni 1.5 sokoni kupitia Eurobond mpya. Muda: miaka 7. Riba: 9.75%. Gawanya mwenyewe. Kwa deni la kiasi kilekile, gharama ya mwaka ni mara 13.

12/ Ule mkopo wa 2024 ulitumika kufanya nini? Kulipa mkopo mwingine. Eurobond ya kwanza tuliichukua 2014, na dola bilioni 2 za ile ya miaka 10 zilikuwa zinadaiwa Juni 2024. Ni kama ile ya mtaani, unakopa kwa mkopeshaji mpya ili wa zamani asije kubeba kochi. Deni halijapungua. Limebadilisha mlango tu, na riba ikapanda.

13/ Kuna mtego mwingine ambao hausemwi sana: sarafu. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 87. Juni 2024 ilikuwa karibu 129, na mapema mwaka huohuo iligusa 160. Hata usipoongeza riba, kila dola uliyokopa unairudisha kwa shilingi 40 zaidi. Tunakusanya kodi kwa shilingi, tunalipa deni kwa dola. Shilingi ikiteleza, mama mboga analipa bila kujua amekopa.

14/ Haya si mambo ya vitabuni. Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukusanya kodi mpya za takriban shilingi bilioni 346, na deni lilikuwa sababu kubwa iliyotajwa. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani. Muswada uliondolewa. Deni halikuondolewa. Mtu akikwambia riba ya deni ni mada ya wachumi tu, mkumbushe ile Jumanne.

15/ Je, tajiri anaweza kufanya nini kuhusu hili? Historia ina jibu, na ni la kwao wenyewe. Mwaka 1953 mjini London wadai wa Ujerumani Magharibi walikubali kupunguza deni lake karibu nusu, na malipo yakapangwa kulingana na uwezo wake wa kuuza nje. Ujerumani iliyokuwa kwenye vifusi ikapata nafasi ya kupumua. Haikuambiwa ikaze mkanda mpaka mfupa uonekane.

16/ Linganisha na Zambia. Ilishindwa kulipa Novemba 2020. Ilipata makubaliano na nchi zinazoidai Juni 2023, na wenye hati za dhamana wakafuata 2024. Zaidi ya miaka mitatu ya mazungumzo, huku wawekezaji wakikaa kando na hospitali zikingoja. Msaada hapa usingekuwa pesa. Ungekuwa mezani mapema, wadai wote pamoja: nchi za Magharibi, China, na wenye mifuko binafsi.

17/ Mfano mmoja tena. Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liligawa akiba mpya ya dola bilioni 650 kwa nchi wanachama wakati wa korona. Mgao unafuata hisa, kwa hivyo bara zima la Afrika lilipata kama bilioni 33. Yaani aliye na shamba kubwa ndiye alipewa mbolea nyingi. Hii haikuwa hila ya siku moja, ndivyo kanuni ilivyoandikwa. Na kanuni huandikwa upya watu wakitaka.

18/ Haki kwa pande zote: zaidi ya nusu ya deni letu, ambalo lilishavuka shilingi trilioni 10, linadaiwa hapa hapa nchini na benki, mifuko ya pensheni, na watu kama mimi na wewe wenye akiba. Hilo hakuna tajiri wa nje atakayelifuta. Na hakuna aliyetulazimisha kusaini Eurobond. Anayesema "wazungu watufutie yote" anakuuzia nusu ya hadithi.

Swali la kumuuliza: "Riba ngapi, miaka mingapi, kwa sarafu gani, na nani anapewa kazi ya kujenga?"

HOJA YA 3: "BIASHARA, SI MISAADA"

19/ Hii inapendwa na pande zote kwa sababu inasikika ya heshima. Na ina ukweli. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, bidhaa nyingi za Afrika ziingie kwao bila ushuru. Kwa Kenya faida kubwa ilikuwa nguo. Viwanda vya kuuza nje viliajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wanawake. Kwenye ploti ninayoishi kuna dada anayeshona suruali ambazo hajawahi kuona zikivaliwa. Mshahara si mkubwa, lakini ndio unaolipa karo za wawili.

20/ Sasa angalia udhaifu. AGOA ni zawadi, haikuwa mkataba wa pande mbili. Ilikuwa inarefushwa kwa kipindi, na tarehe 30 Septemba 2025 muda wake uliisha. Hata zawadi kama hiyo ikirudishwa, mwenye kiwanda hawezi kununua mashine ya miaka kumi kwa ruhusa ya mwaka mmoja. Bado kuna jambo la kitambaa. Sheria iliruhusu nchi nyingi za kwetu kutumia kitambaa cha kutoka kokote. Kwa hivyo nguo ikashonwa Kenya, lakini kitambaa kikatoka Asia. Kazi ya sindano ilibaki, kazi ya pamba haikurudi.

21/ Na hii inauma ukiwa huku kwetu. Thika iliitwa Birmingham ya Kenya. Kulikuwa na viwanda vya nguo vilivyonunua pamba ya mkulima wetu. Miaka ya 1990 soko lilifunguliwa haraka, kwa shinikizo la Benki ya Dunia na IMF na kwa saini ya serikali yetu. Mitumba ikajaa, viwanda vingi vikafunga. Sisemi mitumba ifutwe kesho, nusu ya kabati langu ni Gikomba. Nasema kufungua mlango siku moja bila kumpa fundi muda wa kujipanga halikuwa soko huru. Ilikuwa kumtupa mtoto mtoni ajifunze kuogelea.

22/ Kahawa ni funzo lilelile. Ruiru ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayohimili magonjwa. Sayansi tulikuwa nayo. Kisha mwaka 1989 mkataba wa dunia uliogawa soko ukavunjika baada ya wanunuzi na wauzaji kushindwa kuelewana, bei zikaporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilizalisha zaidi ya tani 120,000 kwa msimu mzuri. Siku hizi ni kama 50,000. Tembea kati ya Ruiru na Juja uone, palipokuwa na mikahawa pana vibao vya "ploti zinauzwa". Vyama vya ushirika vilivyokula pesa za wakulima vina sehemu yao ya lawama, na si ndogo.

23/ Mfano wa kisasa: mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika 1 Julai 2024. Bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru, nasi tunafungua soko letu polepole kwa miaka. Huu ni mkataba wenye saini, hauishi kwa sababu kura imebadilika. Lakini ushuru sifuri hautoshi kama kahawa bado inaondoka ikiwa kwenye gunia, ikachomwe na kupakiwa kwao. Faida nono iko kwenye kuchoma na kwenye jina la pakiti.

Swali la kumuuliza: "Soko hilo ni la miaka mingapi, na sehemu gani ya kazi inabaki hapa?"

HOJA YA 4: "PESA ZOTE ZINALIWA"

24/ Zinaliwa, tusidanganyane. Mwishoni mwa 2009 Uingereza ilisimamisha ufadhili wake kwa wizara ya elimu baada ya pesa za elimu ya bure kupotea. Mwizi hakuumia. Aliyeumia ni mtoto aliyekaa wanne kwenye dawati moja. Ndiyo maana adhabu ya kukata msaada ni ngumu, kiboko kinampita mwenye kosa na kumpiga aliye nyuma yake.

25/ Lakini masharti yamewahi kuzaa matunda. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya kwa Kenya. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A kikafutwa, vyama vingi vikarudi. Msisahau tu kwamba Wakenya walikuwa wamemwaga damu tangu Saba Saba 1990. Sharti la nje lilifanya kazi kwa sababu lilisukuma mlango ambao watu wa ndani walikuwa tayari wanausukuma.

26/ Na pesa ikiliwa, inaenda wapi? Haifichwi chini ya godoro Witeithie. Inaenda kwenye akaunti na majumba katika miji ya hao hao matajiri. Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilikadiria mwaka 2020 kwamba dola bilioni 88.6 hutoka Afrika kila mwaka kwa njia zisizo halali: wizi, kodi iliyokwepwa, bei za uongo kwenye ankara.

27/ Novemba 2023 nchi za Afrika zilipeleka azimio Umoja wa Mataifa la kuanzisha mkataba wa dunia kuhusu kodi. Nchi 125 zilikubali. 48 zilikataa, na wengi wao ni nchi tajiri. Ukitaka kujua kama mtu anataka kukusaidia kweli, usiangalie tu anachoweka mkononi mwako. Angalia alivyopiga kura kuhusu shimo la mfukoni mwako.

Swali la kumuuliza: "Utafanya nini ili pesa iliyoibwa ikose pa kujificha, hapa na kule?"

HOJA YA 5: "WAFADHILI WETU NI WATU WETU WALIO NJE"

28/ Hii ni kweli kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9. Hakuna warsha, hakuna ripoti, hakuna gari la kioo cheusi. Ni karo, paa, na dawa ya mzee. Lakini kutuma pesa Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa karibu 8%, wakati lengo la dunia ni 3% kufikia 2030. Na kuanzia 1 Januari 2026 Marekani inatoza 1% kwa pesa taslimu zinazotumwa nje. Msaada rahisi kuliko wote: punguza makato, mwache shangazi atume.

Swali la kumuuliza: "Utaifanya gharama ya kutuma ishuke, au unataka kuikata hiyo pesa kodi?"

MSIMAMO WANGU

29/ Nikizijumlisha, naona hivi. Kubishana kama watupe zaidi au wasitupe ni kupoteza usiku. Msaada bora ni ule unaopunguza bei ya sisi kujifanyia: mkopo wa miaka mingi kwa riba ndogo, soko lenye saini badala ya zawadi, deni linalojadiliwa mapema, na mlango wa kufichia wizi uliofungwa. Ruzuku ibaki pale mtu anapoweza kufa tukingoja, na iwe na tarehe ya makabidhiano inayojulikana na pande zote.

30/ Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Wa kwanza atasema: ukimpa serikali mbovu mkopo wa bei rahisi, itakopa zaidi ile zaidi. Kweli, ndiyo maana mikataba ya mikopo inafaa kuwekwa wazi kabla ya kusainiwa. Wa pili atasema: nchi tajiri zina maskini wao pia. Kweli vilevile. Lakini kukubali kanuni ya kodi au kukaa mezani na wadai mapema hakumnyimi maskini wa London hata kikombe cha chai.

31/ Kwa hivyo mdahalo ujao, mgombea akisema "nitaleta wafadhili" au "nitawafukuza wafadhili", usipige makofi bado. Muulize: ni ruzuku, mkopo, soko au kanuni? Bei gani, muda gani? Kazi na ujuzi vinabaki wapi? Akianza kutaja jina la mpinzani wake badala ya kujibu, umeshapata jibu.

32/ Nimemaliza. Kama una hoja ambayo sijaigusa, iweke chini na ushahidi wake. Kama una mtu kwenye kundi la familia anayesema "misaada yote ni wizi" au "bila wao tungekufa", mtumieni huu uzi wote wawili. Wiki ijayo: ruzuku ya mbolea, nani hasa anaifaidi?